Mwanvua na Mstari Uliozidi

Kwenye kaye, daftari lake, mistari ilikuwa tisa, kwenye kioo cha kompyuta mistari kumi. Mwanvua akahesabu tena, kidole kwenye karatasi, jicho kwenye kioo, kama mwalimu anayesahihisha imla ya mtoto mvivu. Tisa. Kumi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikwembe, akaivaa tena. Kumi ikabaki kumi.

Kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na soko la Kasongo limepoa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mistari ile ilikuwa anwani ya Tutafutane, tovuti ambamo watu wa Kasongo na Kabambare waliopotezana wakati wa kukimbia vita walitafutana. Mtu yeyote duniani anaweza kuisoma mistari hiyo bila kuomba ruhusa: huu unasema tovuti inakaa kwenye mashine gani, huu unasema barua zipelekwe wapi. Kuigusa ndiko kunakotaka neno la siri. Mwanvua alikuwa ameinakili yote kwa mkono, kwa biki ya bluu, nukta kwa nukta, na kila Ijumaa aliilinganisha na kioo. Waliomcheka aliwaambia wacheke vizuri, wakimaliza warudi kwenye foleni.

Uliozidi ulikuwa mstari wa CAA. Mwanvua alikuwa ameandika mmoja tu wa aina hiyo. Sasa ilikuwa miwili.

Mingine aliinakili bila kuielewa sana, lakini huu aliuelewa, kwa sababu Moussa, fundi wa Kindu aliyemfundisha kwa simu, alimweleza kwa namna ambayo hata mama yake angeelewa. Tovuti yenye cheti huonyesha alama ya kufuli juu yake, na mtu anayeandika jina lake pale anajua anaongea na mwenye nyumba, si na mwizi aliyesimama mlangoni. Makampuni yanayotoa vyeti hivyo ni mengi. Sasa mstari wa CAA ni kama baba mwenye binti anayewapelekea habari mashehe wote wa mji kwamba binti yangu ataozeshwa na shehe fulani, mwingine asithubutu. Shehe mwenye adabu huuliza kwanza baba amesema nini. Akikuta hakutajwa, anafunga kitabu chake na kwenda zake.

"Na kama shehe ameshaozesha?" Mwanvua aliuliza siku ile.

"Basi ameozesha, Mama. Ule mustari unaulizwa mbele ya ndoa, hauulizwi nyuma."

Na sasa pale kwenye kioo, chini ya kampuni aliyoitaja yeye, ilikuwa imetajwa nyingine. Kampuni yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ni kwamba baba hakumtuma mtu. Nani anaomba cheti cha pili cha mlango usio wake, kama hana nyumba nyingine tayari ya kuuweka?

Ndani ya Tutafutane kulikuwa na watu zaidi ya elfu mbili. Jina la mtu na kijiji alichotoka vilionekana na wote. Mahali anapolala sasa hapakuonekana na yeyote, mpaka ndugu yake ajibu swali ambalo ndugu peke yake analiweza: bibi alipika nini siku ya msiba, mbuzi wa mjomba aliitwa nani. Maana si wote waliopotea. Wengine walijificha. Kulikuwa na wanaume waliotoa ushahidi mahakamani dhidi ya mwenye bunduki, na wanawake waliomtoroka aliyewateka. Hao walimpa Mwanvua mahali pao kwa sababu moja tu, kwamba alisema hatapatoa. Mlango huo, yaani jina la tovuti, ukihamia kwa mtu mwingine, na kufuli yake juu yake ikionyesha salama, watu wataingia kama kawaida na kujieleza kwa wasiowajua.

Akaandika neno la siri ili aufute ule mstari. Mashine ikasema silo. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, midomo ikisogea. Silo.

Akabonyeza pale wanapokuuliza kama umesahau. Jibu likaja kwamba kode, namba ya siri ya tarakimu sita, imetumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na saba. Simu hiyo haikuwa Kasongo. Ilikuwa Wamaza, kwa Régina.

Mwanvua ni mtoto wa fundi cherehani, wa sita kati ya tisa. Shule aliiacha darasa la sita. Akili alikuwa nazo, ila zamu ya kulipiwa ilikuwa imefika kwa kaka zake. Akaenda kupiga mashine ya kuandika kwa karani mmoja, vidole viwili tu, lakini vidole viwili vyenye hasira. Baadaye akafungua sekretariati yake karibu na soko: barua, fotokopi, picha ndogo za kadi. Mdomo wake ukajulikana kuliko kibao chake. Ukimletea barua ya kuomba kazi iliyojaa uongo, ataichapa bila kosa, halafu atakusomea kwa sauti mbele ya foleni uthibitishe kama ndiyo uliyoitaka. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema amemwoa mwanamke na redio kwa mahari moja.

Régina alifika Kasongo na wakimbizi wa Kabambare. Mkristo, Mubangubangu kwa kabila, mkulima wa mpunga na karanga, bila viatu na bila binti yake. Mwanvua alimkuta amekaa kwenye ngazi ya sekretariati akingoja mvua ikatike, akamwambia aingie au aondoke, ngazi si kiti. Akaingia. Akakaa miezi minane. Walikula sahani moja. Ramadhani ilipoingia Régina akawa anajificha nyuma ya nyumba kula ndizi, mpaka Mwanvua akamwambia tumbo la Mkristo halina kosa, alete ndizi zake barazani ale kama mtu.

Katika miezi ile walichapa karatasi moja: Esther-Divine, miaka kumi na mmoja, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kila mwenye pikipiki aliyepita sokoni alipewa nakala, akitaka asitake. Mtoto akapatikana Lusangi, akiwapikia wachimbaji wa dhahabu. Régina alipomwona alikaa chini katikati ya barabara, na pikipiki zikamzunguka kama kisiki. Watu wakaanza kuleta majina yao na wao. Karatasi zikajaa ukuta, ukuta ukashindwa, na hapo ndipo Tutafutane ilipozaliwa. Mwanvua akabaki na mashine. Régina akarudi Wamaza, akawa anatembea kijiji kwa kijiji akiandika majina, kwa Kibangubangu ambacho Mwanvua alijua salamu yake tu.

Akina mama wa huku wana njia yao ya kulinda kitu cha wengi. Sanduku linakaa kwa mmoja, ufunguo unakaa kwa mwingine, tena wasiwe majirani. Mwenye sanduku hawezi kulifungua, na mwenye ufunguo hana cha kufungua. Mwanvua alipofungua akaunti ya jina la tovuti alifuata desturi hiyo hiyo. Neno la siri likabaki kwake, hilo ndilo sanduku. Kampuni ilipomuuliza akisahau neno la siri wamtumie kode kwa barua-pepe au kwa simu, akaona barua-pepe inafunguka kwenye kompyuta ile ile, yaani ufunguo juu ya mfuniko. Akachagua simu peke yake. Akachukua kadi mpya ya simu, akamkabidhi Régina mbele ya akina mama sita, wote wakapiga makofi. Alirudi nyumbani ameridhika.

Hakujua kwamba kwa makampuni yale mwenye ufunguo habebi ufunguo peke yake. Akisema tu kwamba amesahau neno la siri, anatengenezewa sanduku jipya, na la zamani linakuwa kuni.

Akampigia Régina. Régina akapokea, akasalimia vizuri, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mgongo. Mwanvua akamuuliza kama kuna kode yoyote imeingia kwenye ile simu wiki hii. Régina akasema hapana, rezo, yaani mtandao, ni mbaya, simu imelala tu ndani ya sanduku la nguo. Alilisema haraka. Asiyejua jambo angeuliza kwanza: kode gani?

Moussa wa Kindu hakuwa na dawa. Akamwambia kampuni ya majina inaweza kumrudishia akaunti akituma kadi yake na karatasi zake, lakini hiyo ni siku kumi za kazi. Cheti cha pili nacho kinaweza kubatilishwa na kampuni iliyokitoa, ila watataka athibitishe kuwa jina ni lake kwa kuongeza mstari wanaoutaja wao, na mistari sasa iko mikononi mwa mwingine. Njia fupi ni ile simu. Mwanvua akamshukuru, akafunga sekretariati kabla ya wakati, jambo ambalo soko zima liliona.

Jumamosi asubuhi alikuwa juu ya pikipiki. Kwenye daraja la magogo akashuka akavuka kwa miguu, akimwambia dereva kwamba yeye amezaliwa mara moja tu. Njia nzima alikuwa akimtengenezea Régina udhuru. Labda simu imeibwa. Labda amedanganywa na kijana wa mjini mwenye kalamu tatu mfukoni. Kufika Wamaza, mchana, alikuwa na udhuru nne, zote nzuri.

Régina alikuwa uani akichagua mchele kwenye ungo. Juu ya paa kulikuwa na bamba jipya la umeme wa jua. Kwenye kiti, chini ya kitambaa cha kufuma, tableti nyeupe. Aliinua kichwa, akamwona Mwanvua ana vumbi mpaka kwenye kope, mikono yake ikasimama juu ya mchele. Hakushangaa. Nusu siku ya njia, mgeni bila taarifa, na hakushangaa. Udhuru zote nne zikafa pale pale.

Akamkaribisha kiti, akamletea maji. Mwanvua alikunywa, maana maji hayana kosa, kisha akamuuliza ni akina nani.

Régina hakukana tena. Akaeleza akiangalia ungo. Ni shirika moja lenye gari na biro, yaani ofisi, Kindu. Walikuja mara tatu. Walisema Tutafutane ni kazi kubwa iliyokaa mikononi midogo, wao wataipeleka mpaka Kinshasa. Walikuwa na mashine yao tayari, kurasa zao tayari, zinazofanana na zile kama mapacha. Kilichobaki kilikuwa cheti, na mashine yao ilipoomba ilikataliwa.

"Walisema ni ule mustari wako. Wakaniambia tuongeze wa pili, ule wa kwanza tusiuguse, hivyo Mwanvua hataona."

"Na weye ukasema nini?"

"Nikasema ataona. Anahesabuaka kila Ijumaa." Régina alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Wakacheka."

"Ulijua nitaona, na kode ukawasomea."

"Niliwasomea, Yaya."

Kule kuitwa yaya, dada mkubwa, kulimuuma kuliko yote. Mwanvua akageuza uso, akatazama bamba la jua.

Régina naye alikuwa na lake, na alikuwa amelibeba siku nyingi, maana lilitoka limenyooka. Alitembea miaka saba, alisema. Miguu yake inajua kila kijito kutoka Lusangi mpaka Kabambare. Redio ikija inakwenda Kasongo. Barua ya shukrani ikija, imeandikwa Mwanvua na wenzake.

"Mimi ndio wenzake," Régina alisema. "Hawa wa shirika, siku ya kwanza tu, waliandika jina yangu. Yote. Na ile ya baba yangu."

Mwanvua alijua ni kweli. Barua zile alizichapa mwenyewe, kwa vidole vyake viwili, na neno "wenzake" lilikuwa fupi, likatosha kwenye mstari. Hakulisema hilo. Akauliza mlango utahamishwa lini.

"Lundi, kesho kutwa."

"Basi bado. Twende kule kuna rezo."

Wakapanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, Régina mbele, Mwanvua nyuma akishika mgongo. Juu pale kulikuwa na jiwe ambalo watu wa Wamaza husimama wakitaka kupiga simu. Mwanvua akafungua ukurasa kwenye simu yake, akabonyeza pale pa kusahau. Ndani ya kikwembe cha Régina kitu kikalia mara moja, kama kifaranga. Kwenye kioo cha Mwanvua dakika kumi zikaanza kupungua.

"Nisomee," Mwanvua alisema. "Hakuna kingine nataka kwako."

Régina akaitoa simu, akaitazama. Upepo ulikuwa unamvutavuta kilemba. Dakika moja ikapita. Mwanvua hakusema neno, na kwa Mwanvua hiyo ilikuwa kazi kuliko kupanda kilima.

"Saba," Régina alisema. Halafu: "Moja."

Mwanvua akaandika saba, akaandika moja. Zilibaki nne. Na pale pale, badala ya kuzingoja, akafungua mdomo. Labda ni furaha ya kuona zinakuja, labda ni uchungu uliokuwa unatafuta tundu tangu jana.

"Miezi munane nilikulisha, Régina. Ndani ya nyumba yangu."

Huku kwetu mtu akikuhesabia chakula alichokupa, amekirudia tumboni mwako kwa mkono. Haijalishi amesema ukweli. Régina aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwangalia usoni.

"Na hiyo ulikuwa unahesabu?"

Akaizima simu, akaifunga kwenye pindo la kikwembe, akaanza kushuka. Mwanvua akamwita mara moja, kwa jina tu. Régina hakugeuka. Dakika kumi zikaisha. Mwanvua akabonyeza tena, na tena, na mara ya tatu, akijua kwamba ile simu imezimwa, akibonyeza tu kama mtu anayetikisa mlango wa nyumba iliyohamwa. Kisha mashine ikamwambia amejaribu mara nyingi mno, arudi kesho kutwa.

Akakaa juu ya jiwe. Machozi yalitaka kuja, akayakataza, halafu akayaacha, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Alipomaliza alijifuta akaanza kazi. Mlango alikuwa ameupoteza, lakini vitu vya ndani vilikuwa bado vyake: mashine yenye orodha ilikuwa na neno lake la siri tofauti, ambalo hakuna simu iliyolijua. Akaifunga orodha isisomeke hata kwa ndugu. Ukurasa wa kuandikisha majina akauondoa. Mahali pake akaandika, kwa kidole gumba, kwamba Tutafutane imefungwa; ukiuona mlango huu umefunguka tena, si Mwanvua aliyeufungua; usimwambie mtu uko wapi. Akabonyeza. Kazi ya miaka saba ikazimika huku kuku wa Wamaza wakiendelea kuchakura, na jua lilikuwa bado juu.

Alijua maneno yale yataishi mpaka Jumatatu tu. Wakishahamisha mlango yatafutika, na badala yake utatokea ukurasa wa wale, wenye cheti halali na kufuli safi.

Alilala kwa mke wa katekista, na Jumapili akaingia kanisani, mtandio wake kichwani, akakaa benchi la mwisho. Saa ya matangazo, baada ya habari za kufagia uwanja na mbuzi aliyeokotwa, katekista akamwita. Mwanvua alisimama mbele pale kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema kwa Kiswahili, katekista akigeuza kwa Kibangubangu. Alisema jina la Tutafutane liko mikononi mwa watu wengine kuanzia kesho. Alisema wataona kufuli na kila kitu kiko sawa, na wasiamini kufuli, kwa sababu kufuli inasema tu kwamba mlango una mwenyewe, haisemi ni nani. Mtu akiwauliza wanalala wapi, wasimjibu, hata akiwa na karatasi.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza waliingiaje. Mwanvua akasema kwa kode iliyotumwa kwenye simu. Bibi akauliza simu hiyo iko kwa nani.

Régina alikuwa benchi la tatu, upande wa wanawake, Esther-Divine kando yake, msichana mzima sasa, kovu lile lile juu ya nyusi. Mwanvua, ambaye Kasongo nzima haijapata kumwona akikosa jibu, akasema hilo si la leo, la leo ni kufunga midomo. Akarudi kukaa.

Nje, watu wakiwa wanasalimiana, Régina alimpitia karibu.

"Hukunitaja," alisema chini chini.

"Ningekutaja, wangerudi nyumbani na jina yako tu. Ule mulango wangeusahau."

Régina alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Binti akamwita, akaenda.

Iliyobaki ilikuwa Lusangi. Kule hakuna redio inayosikika vizuri, na waliojificha kule walikuwa wengi kuliko popote, mashimo ya dhahabu yakiwa mahali ambapo hakuna anayemuuliza mwenzake alikotoka. Mwanvua alifika Jumatatu, pikipiki imepasuka tairi mara mbili. Akaulizia nyumba ya Hamadi, mzee aliyesimama mahakamani akamwonyesha kwa kidole mtu aliyechoma kijiji chake, na tangu hapo hakulala tena mahali panapojulikana. Kwenye orodha Hamadi ndiye aliyekuwa mkubwa wa waliojificha Lusangi; habari ikimfikia yeye, imewafikia wote.

Hamadi alimpokea akicheka, akatandika mkeka kivulini mwa ukuta, akaagiza karanga.

"Mama Mwanvua, mpaka weye mwenyewe? Tulifikiri kazi imekwisha. Si Régina ulimutuma juma ile ilipita?"

Mwanvua aliuliza alikuja kufanya nini.

"Alikuja na ile kioo yake nyeupe. Akasema liste ya majina, ile ya zamani, imeharibika, weye unatengeneza mupya. Kila mutu aseme tena pale analala." Mzee akammenyea karanga, akampa mkononi. "Tukasema wote. Na wale wa juu kwenye mashimo, nilikwenda kuwaita mimi. Wengine hawakutaka. Nikawaambia ni mutu ya Mwanvua, ni kama Mwanvua."

Karanga zilikaa kwenye kiganja chake. Mwanvua akakumbuka siku ya Ijumaa, mstari mmoja uliozidi, na jinsi alivyokimbia kuuzuia mlango. Wakati ule watu walikuwa wameshatoka ndani, mmoja mmoja, kwa hiari yao, wakifuata jina lake. Hakuna mashine iliyowauliza chochote. Régina alikuwa amewauliza kwa mdomo, kwa Kibangubangu, na alikuwa amekaa pale kwenye ungo, kwenye kilima, kwenye benchi la tatu, nje ya kanisa, bila kumwambia.

Alimweleza Hamadi yote, bila kujipamba. Sehemu ya kilima pia aliisema, na alichokisema yeye. Mzee aliacha kutafuna. Hakumlaumu, na Mwanvua aliona afadhali angemlaumu.

"Waliosema ni wangapi?" Mwanvua akamuuliza.

"Na wanawake, arobaini na mbili."

"Uwaite tena. Uanze na wa mashimoni, wale hawakutaka. Uwaambie Mwanvua yuko hapa na miguu yake, na anasema wahame leo, kabla ya giza."

Hamadi alisimama, akatikisa maganda kwenye nguo, akatafuta fimbo yake. Alipofika kwenye kona ya ukuta akageuka.

"Kuna upande mumoja nafikiri tunaweza kwenda. Iko..."

"Usiniambie," Mwanvua alisema. "Mzee, hata mimi. Usiniambie."